.dbf, .txt na StarDict: nilivyolinganisha fomati za kamusi mpaka marehemu akasikika Kasansa

Wakuu, wenye umri wangu nawasalimu kwa heshima, wadogo zangu nawapungia mkono.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza swali la maana: kamusi ya kidijitali ihifadhiwe kwenye fomati gani, na app zipi zinaifungua? Wa kwanza akamwambia akagoogle. Wa pili akamuuliza kama anauza laptop. Wa tatu akaingiza siasa, uzi ukafia hapo.

Hili ni kati ya mambo machache duniani ninayoyajua kwa kuyaishi. Nilianza kumjibu kule kule, nikaona jibu linarefuka, tena linaelekea mahali ambapo yeye hakuuliza. Ndiyo maana nimefungua uzi wangu.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Sawa, ila chai yenyewe sijaitia sukari. Niliyoyaona niliyaona kwa macho mawili, enzi ambazo yalikuwa hayajaanza kudai miwani.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Mpanda bado iko Mkoa wa Rukwa, na ukimtajia mtu Katavi anafikiria viboko na mbung'o, si ofisi ya mkuu wa mkoa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya isimu, shahada ambayo mama yangu alishindwa kuwaeleza majirani. Nikapata kazi kwenye mradi mdogo wa kutengeneza kamusi ya Kipimbwe. Mimi si Mpimbwe. Kipimbwe changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba maji, lakini nilikuwa na cheti, na mradi ulitaka cheti.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Kawajense, pale Mpanda mjini. Kompyuta moja ya DOS, jenereta moja, na printa ya pini ambayo ikianza kuchapa mbuzi wa jirani walikuwa wanahama mtaa.

Sasa tuje kwenye fomati, maana ndilo swali la kijana.

Kamusi yetu ilianza kwenye .dbf. Kwa wasioijua, hilo ni faili la database za zamani. Lifikirie kama kabati lenye droo: droo ya neno, droo ya maana, droo ya sentensi ya mfano, droo ya kifupi cha jina la aliyetoa sentensi. Droo zote zina upana uliopangwa tangu mwanzo. Neno likiwa fupi, nafasi inayobaki inajazwa hewa. Sentensi ikiwa ndefu, inakatwa mkia.

Uzuri wake ni kutafuta. Unataka sentensi zote alizotoa mtu fulani? Unaandika kifupi cha jina lake, zinakuja zimepanga foleni.

Fomati ya pili ni maandishi matupu yenye alama, .txt. Kila mstari unaanza na alama ya mkwaju wa nyuma, yaani backslash, na jina fupi: hapa neno, hapa maana, hapa mfano. Ni kama samaki waliotungwa kwenye kamba. Hakuna urembo, lakini programu yoyote duniani inayafungua.

Ya tatu ilikuwa .hlp, ile ya msaada wa Windows. Ilikuwa inapendeza sana, unabofya neno linakupeleka kwa neno lingine. Tatizo lake ni la ugali: ukishausonga, unga haurudi.

Shikeni hizo mbili za kwanza. Wanaoijua .dbf vizuri nadhani wameshaanza kutabasamu. Subirini kwanza.

Mtoa mifano wetu mkuu alikuwa mzee wa kijiji cha Kasansa tuliyemwita Baba Skola. Mkulima wa mahindi, fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki, na mtu mgumu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Ugumu wake ulikuwa huu: alikuwa hatoi sentensi ya uongo.

Nilimwambia siku ya kwanza, "Mzee, nipe sentensi yenye neno mvua."

Akatazama juu. "Hainyeshi."

"Najua, ni mfano tu."

"Mwalimu, nikisema inanyesha na wewe unaona jua, huo ni uongo, si mfano. Njoo ikinyesha."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilirudi masika nikiwa nimelowa, na kabla sijaketi akanipa: "Mama Skola, anua mahindi, mvua imeshafika kwa Wasukuma." Wasukuma na ng'ombe wao walikuwa wanakaa ng'ambo ya mto, na kweli huko kulikuwa kumeshatanda wingu jeusi.

Kwa hiyo wenzake walikuwa wananipa sentensi za kitabu cha shule, mtoto anakula, mama analima. Baba Skola alinipa nyumba yake. Kila sentensi yake ilikuwa inamwambia mtu fulani jambo fulani lililokuwa linatokea. Mara nyingi alikuwa anamwambia mke wake, Mama Skola. Nyingine alimwambia kuku.

Tulipofika kwenye neno la kufa alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kikohozi fulani kifupi cha kusafisha koo kabla ya kusema.

"Hilo liache wazi. Siku likiwa la kweli nitakupa."

Mama Skola alikuwa anapepeta mahindi pembeni. "Baba Skola, mdomo wako huo!"

"Mwalimu ameuliza, mama. Nimdanganye?"

Nikaliacha wazi. Baadaye nilijaribu kuwaomba wengine, kila mmoja akanijibu: si Baba Skola ameshaahidi? Kwa hiyo kwenye kabati letu droo ile ikabaki tupu, ina kifupi cha jina lake tu.

Alifariki mwanzo wa kiangazi, kwa homa. Kanisa lilimzika vizuri, misa na kwaya. Lakini jina la mtu, nilikuja kuelezwa, ni suala la ukoo. Sisemi ni la Wapimbwe wote, maana watakuja humu kunisahihisha. Nasema la ukoo ule.

Aliyenieleza ni dada wa marehemu, Shangazi Vero. Mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Mwalimu, kwenye mashine yako kuna maneno ya kaka yangu?"

"Yapo, shangazi."

"Yafute."

Nilikuwa na mhadhara mzuri sana kuhusu kuhifadhi lugha. Nilikuwa nimeuandaa tangu chuo. Alinitazama tu, mhadhara ukaisha.

Akanieleza. Jina la kaka yake lilikuwa bado halijapata mtu wa kulikalia. Mtu mwenyewe alikuwa anajulikana, Oswadi, mtoto wa kaka yao mkubwa, lakini siku ya kumkabidhi ilikuwa inasubiri ulezi mpya kwa ajili ya pombe, na mwaka ule mvua ziliishia njiani. Mpaka siku hiyo ifike, mjane anakaa mkekani, sakafuni, na havuki ua.

"Na kaka yangu akisikika humu uani kabla ya siku hiyo, sisi tunahesabu amekufa leo. Tunaanza upya. Siyo mimi nitakayekaa kwenye mkeka, Mwalimu. Ni yule pale."

Yule pale alikuwa Mama Skola, amekaa kwenye kiza cha mlango. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa kukaa. Na binti yake wa pekee, huyo Skola mwenyewe, alikuwa ameolewa Karema, ziwani, ana mimba ya kwanza, na mimba yenyewe ilikuwa inamsumbua. Kila dereva aliyetoka huko alikuwa analeta salamu ile ile: mama aje.

Mama Skola alisema kwa sauti ya chini, "Futa, mwanangu. Nataka nimkute Skola akiwa hai."

Basi nikafuta.

Nilirudi Mpanda, nikawasha jenereta, nikaita sentensi zote zenye kifupi cha Baba Skola, zikapanga foleni, nikazifuta. Nikatafuta tena. Hakuna. Nikazijaza nafasi zake na sentensi za shule, mtoto anakwenda sokoni, na kadhalika. Neno la kufa nililiacha kama lilivyokuwa, bila mfano, nikaondoa kile kifupi tu. Nakumbuka niliona huzuni kidogo, kwa sababu kamusi ilikuwa imekufa pia kwa namna yake. Ilikuwa imebaki na watoto wengi wanaokwenda sokoni.

Muda si mrefu mratibu wetu akaleta programu mpya ya kupanga kurasa za kamusi. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa inakula .txt yenye alama peke yake, .dbf haiijui. Ikabidi nibadili. Kulikuwa na kiprogramu kidogo kwenye diskette: unakipa .dbf, kinakutemea .txt. Nilikipa, kikatema. Nikachapa, mbuzi wakahama mtaa.

Nilikagua kurasa za mwanzo, zilikuwa safi. Baba Skola alijiunga na sisi baada ya herufi za mwanzo kwisha, kwa hiyo kurasa zile zingekuwa safi kwa vyovyote vile, lakini akili hiyo sikuwa nayo siku hiyo. Nikafunga bahasha, tukaondoka na Land Rover ya mradi kwenda Kasansa kupitia Sitalike, mbung'o wakitusindikiza kama polisi.

Niwaambie utaratibu wetu wa kazi, maana bila huo hamtaelewa.

Wazee wengi walikuwa hawasomi, na waliosoma hawakuwa na miwani. Kwa hiyo kamusi ilikuwa inakaguliwa kwa masikio. Tunakaa uani, msomaji anasoma kwa sauti: neno, maana, mfano. Wazee wakiitikia "ee", neno limepita. Mmoja akikohoa, tunasimama na kujadili. Hakuna neno lililoingia kwenye kamusi ile bila "ee" ya wote.

Na kikao kilikuwa kinafanyika uani kwa Baba Skola, tangu alipokuwa hai. Hakikuhamishwa, kwa sababu Mama Skola mwenyewe alikuwa mkaguzi na alikuwa haruhusiwi kutoka. Alikuwa anasikiliza akiwa ndani, kwenye mkeka, mlango wazi.

Msomaji alikuwa Oswadi. Ndiyo, yule yule wa kurithi jina. Ndiye aliyekuwa na macho na darasa la saba kwa pamoja.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Nalisema hilo kwa sababu mambo kama haya watu huyaweka usiku. Hili halikusubiri usiku.

Kazi ilienda vizuri mpaka tukaingia herufi ya K. Wanaisimu mtanisamehe, vitenzi vyetu tulivipanga pamoja na KU yake, kwa sababu wazee walikataa kulikata neno kichwa. Kwa hiyo K yetu ilikuwa ndefu kama treni ya Kaliua, na mpangilio wake ni wa maneno ya Kipimbwe, si ya Kiswahili.

Oswadi akasoma neno la kufunga. Akasoma maana. Akasoma mfano wa shule. Wazee, "ee."

Kisha akasoma mfano wa pili. Sikukumbuka kuweka mfano wa pili.

"Mama Skola, funga mlango, vumbi linaingia."

Upepo ulikuwa unavuma, na vumbi lilikuwa linaingia. Na mlango wa ile nyumba ukafungwa.

Ulifungwa taratibu, kwa mkono, kama unavyofungwa na mtu aliyeambiwa jambo hilo maisha yake yote. Halafu ukafunguka tena kidogo, nikaona uso wa Mama Skola. Sijui kama akili ilimjia kabla mkono haujavuta au baada.

Hakuna aliyesema "ee".

Shangazi Vero alisimama. "Oswadi. Hiyo imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa, shangazi."

"Nani kaiandika?"

Wote wakanigeukia. Nikasema kwamba nilifuta, nilifuta kweli, nilitafuta sikuona kitu.

"Mwalimu anasema alifuta," Shangazi Vero akawaambia wazee, kama anawatafsiria Kijerumani.

Ndani nikamsikia Mama Skola analia bila sauti, ile ya kuvuta pumzi tu. Alikuwa ameshahesabu: mkeka upya, ulezi wa mwaka mwingine, Karema haendi.

Nilinyoosha mkono nichukue karatasi. Shangazi Vero akaupiga mkono wangu.

"Acha! Mkubwa akianza kusema hakatizwi. Nyie mkimkatiza atamalizia peke yake, na hamjui atamalizia wapi. Oswadi, soma."

Oswadi akasoma. Mifano ya shule sasa alikuwa anairuka, sijui kwa nini, hakuna aliyemwambia airuke. Alisoma ile ya pili tu.

"Nani kaacha jembe juani?" Jembe lilikuwa juani, kando ya ukuta.

"Kuku yule yule ameingia tena, ondoka sakafuni wewe!" Kuku akatoka mbio, lakini kuku hutoka mbio kwa lolote.

"Hawa wageni mmewapa maji?"

Tulikuwa hatujapewa maji. Mzee mmoja alianza kucheka, akagundua anacheka peke yake, akaacha.

Nawaambia jambo moja ambalo si la kompyuta wala la fomati. Oswadi alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, tulikuwa tunamtania kwamba angefaa kwaya ya akina mama. Kadiri alivyosoma sauti ilishuka. Na kabla ya kila sentensi akaanza kusafisha koo, kikohozi kile kifupi. Mimi niliingiza sentensi kwenye .dbf. Vikohozi sikuingiza.

Ikaja sentensi aliyomwambia Skola siku moja kabla hajaolewa, kwamba mama yake anamngoja waende kisimani. Ikaja ya mizinga. Kisha Oswadi akanyamaza.

"Soma," akasema Shangazi Vero.

"Shangazi, hili neno..."

"Soma."

Lilikuwa neno la kufa. Nilijua droo ile ilikuwa tupu. Niliiacha tupu mwenyewe, mara mbili. Nilikuwa tayari kusema, ruka, hapo hakuna mfano.

Oswadi akasafisha koo.

"Nimekufa, Mama Skola. Ondoka sakafuni, Skola anakungoja."

Kwa Kipimbwe ni sentensi fupi zaidi. Sitaiandika hapa kwa Kipimbwe, msiniombe.

Mama Skola akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mke aliyeitwa akiwa jikoni: "Nimesikia, Baba Skola."

Akatoka. Akasimama juani, uani, kwa miguu yake iliyovimba. Kabla ya hapo, tangu msiba, sikuwa nimemwona amesimama.



Shangazi Vero alimsogelea Oswadi, akamtazama kama mtu anayetazama chombo alichoazimisha kikarudi. Akamuuliza, taratibu, "Wewe nani?"

Oswadi hakunyanyua macho kwenye karatasi. "Mama Skola ameshaitika. Wewe Vero unauliza nini tena?"

Oswadi tangu azaliwe alikuwa hajawahi kumwita shangazi yake kwa jina. Aliyekuwa anamwita hivyo, tena kwa utani huo huo, alikuwa kaka yake marehemu.

Nilidhani Shangazi Vero atamzaba kofi. Akageuka akawatazama wazee. Macho yake yalikuwa na machozi na ukali wake wa kila siku, vyote kwa pamoja.

Mzee mmoja akasema, "Ee."

Wa pili, "Ee."

Ikazunguka ua mzima, kama tulivyokuwa tunapitisha neno lolote. Hakuna aliyekohoa.

"Basi," Shangazi Vero akasema. "Pombe itafuata, ulezi ukiwepo. Jina limeshakaliwa." Kisha akanigeukia mimi. "Na nyie wageni ni kweli hamjapewa maji."

Mama Skola aliondoka na sisi siku iliyofuata, amekaa mbele, mguu ameuweka juu ya gunia la mahindi. Aliwahi Karema. Skola alijifungua salama, mtoto wa kiume. Jina la mtoto mnaweza kulikisia, lakini mtakosea. Jina lile lilikuwa na mtu tayari.

Njiani, tulipokuwa tumesimama porini dereva akiongeza maji kwenye rejeta, nilimuuliza. Mimi ni msomi, ilibidi niulize.

"Mama, ile sentensi ya mwisho aliwahi kuisema lini?"

Alinitazama kwa huruma. "Si wewe uliyemuuliza? Ulimuuliza, akakuahidi. Baba Skola alikuwa mtu wa ahadi."

Sasa turudi kwenye fomati, maana najua wataalamu mnawashwa.

Nilifika Mpanda nikafungua vitabu vya DOS. Ikawa hivi. Ukifuta kwenye .dbf, sentensi haifutiki. Programu inaweka alama ya nyota mwanzoni mwake tu, na programu yetu ilikuwa imepangwa isionyeshe chochote chenye nyota. Ni sawa na kumfunika mtu shuka. Yupo pale pale, mmekubaliana tu kutomwona. Ili aondoke kweli lazima utoe amri nyingine, PACK, na mimi amri hiyo sikuitoa kwa sababu sikujua kama ipo.

Kile kiprogramu cha kubadili kilikuwa hakijui makubaliano hayo. Kikasoma kila kitu, chenye shuka na kisicho na shuka, kikamwaga vyote kwenye .txt.

Kwa hiyo mlango, jembe, kuku na maji ya wageni vyote vina maelezo. Nilifurahi sana. Niliandika ripoti ndefu kwa mratibu, yenye vichwa vya habari.

Halafu nikaenda kwenye neno la kufa.

Kwenye .txt sentensi ipo. Kwenye karatasi ipo. Kwenye .dbf, hata nilipoamuru programu ionyeshe vyote vyenye nyota, droo ni tupu. Niliifungua kwa programu inayoonyesha faili herufi kwa herufi, bila droo wala urembo. Hewa tupu.

Nikajiambia labda kiprogramu kiliunganisha vipande. Inawezekana, faili kubwa huchanganya. "Ondoka sakafuni" niliipata, aliambiwa kuku. Skola na kungojana nilivipata, vya safari ya kisimani. "Mama Skola" yuko kila mahali.

"Nimekufa" sikuipata. Haimo popote. Mtu yule alikataa kulisema neno hilo, mimi ndiye shahidi.

Nililibadili tena faili lile lile kwa diskette ile ile. Mara ya pili .txt ikatoka bila ile sentensi. Ninayo hiyo pia. Ninazo zote mbili.

Miaka imepita, kijana wetu ameuliza swali lake, na nikaona bora nijaribu kabla ya kumjibu. Nimechukua ile .txt ya kwanza nikaibadili kwa fomati za leo.

StarDict: inagawanyika faili tatu, moja ya maelezo, moja ya faharasa, moja ya matini. Ni nyepesi, app nyingi za bure kwenye simu na kompyuta zinaifungua. Kwa mtu wa kawaida nashauri hii.

DSL: ni maandishi yenye vitambulisho kwenye mabano ya mraba, unaweza kuyarekebisha kwa mkono. Kwa anayetengeneza kamusi, na si kuisoma tu, ni nzuri zaidi.

MDX: inabana vizuri na inapendeza, inachukua picha na sauti, ila ni ugali, unga haurudi kirahisi.

.hlp yangu ya zamani Windows za leo hazitaki hata kuisalimia.

Na .txt yenye alama, ile ya samaki kwenye kamba, inafunguka kila mahali kama siku ya kwanza. Fomati zote za kupendeza zimezeeka, yenyewe bado ina meno yote.

Kwa hiyo somo, kijana wangu: faili mama liwe maandishi matupu. Hizo nyingine ni nguo, unavalisha na kuvua. Ukifuta, hakikisha umefuta. Ukibadili fomati, soma matokeo yote mpaka mwisho, si kurasa tatu za mwanzo kama msomi fulani. Na ukimuuliza mtu swali akakuahidi jibu, usifunge droo.

Nimeijaribu kwenye app nne. Zote zinaonyesha sentensi ile sawasawa. Moja kati ya hizo ina alama ya spika, ukiibonyeza inakusomea mfano kwa sauti.

Sijaibonyeza. Nina mke, tunaishi vizuri, na mlango wetu una vumbi.

Wataalamu wa .dbf karibuni mnikosoe, nitafurahi kuliko mnavyodhani mkinipa maelezo. Wapimbwe karibuni mnisahihishe mila. Faili ninalo, nitamtumia yeyote anayetaka kulichunguza.

Ila atakayeliomba aniambie kwanza kama nyumbani kwao kuna mtu amekaa sakafuni.